Amali shule za wilayani: kaangalie karakana kwanza ndio uamue kumhamisha mtoto

Mkuu mleta mada nimesoma swali lako, kwamba binti kapata mkondo wa amali, yaani masomo ya sekondari pamoja na ufundi wa mikono, fani ya uchomeleaji shule moja huku wilayani Tanga, ndugu wanakwambia huko ni kwa vilaza umhamishe haraka, na ukiangalia ratiba unaona michezo na afya unajiuliza mtoto anaenda kusoma au kucheza. Mi ni fundi wa kuchomelea hapa Muheza, cheti changu ni cha VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, na tangu shule ya jirani ianze hiyo fani huwa wananiita kuwasimamia watoto kwenye vitendo, mwalimu wao yupo tena mzuri ila ni mmoja na darasa limejaa. Nakujibu kwa ninayoyaona.

Hilo la vilaza achana nalo. Huu mkondo umekuja na mtaala mpya ulioanza Januari 2024 baada ya sera ya elimu ya 2014 kufanyiwa marekebisho mwaka 2023, na mtoto wa amali bado anapiga hesabu, Kiingereza, elimu ya biashara, historia ya Tanzania na maadili, hajaachiwa nyundo tu aende nayo. Na wala sio jambo geni, waulize wazee walisoma mchepuo gani watakwambia kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu, yote yametoka kwenye ile Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya 1967. Tanga Ufundi pale mjini imetoa mafundi miaka nenda rudi na sijasikia mtu anawaita vilaza.

Ila shule niliyosoma mimi karakana ilikuwepo, kubwa tu, lakini tulikuta mashine zimeshika kutu na ndani wamejaza madawati mabovu. Ndio maana nakwambia usiulize shule ina fani gani, uliza vile vitu vinavyoliwa na karakana nani ananunua. Jengo likishajengwa limejengwa, mashine ya kuchomelea ikitunzwa inakaa miaka, ila vijiti vya kuchomelea vinavyoyeyuka kuunga chuma, diski za grenda, chuma cha kufanyia mazoezi na umeme wa LUKU ni kila wiki. Kuchomelea hakufundishwi ubaoni, mkono lazima uzoee wenyewe umbali wa kijiti na chuma na mwendo wa kukivuta, ukienda haraka mshono unakuwa mwembamba haujashika, ukizubaa unatoboa bomba. Na kijiti chembamba cha milimita 2.5 kinaisha kama dakika moja hivi, sasa piga hesabu darasa zima kila mtoto achome mpaka mkono ukubali. Shule ambayo bajeti ya vijiti haipo watoto wanasimama duara wanamwangalia mwalimu anachomelea, hiyo sio amali hiyo ni sinema.

Hapa walichofanya ni kuugeukia mji. Muheza msimu wa machungwa matoroli na maguta yanakatika kila siku, basi mwenye toroli analeta vijiti na chuma, watoto wanachomelea mimi nasimama hapo hapo nakagua, halafu vipande vinavyobaki karakana kwangu navipeleka shule badala ya kuwauzia wa skrepa. Kuna mzazi alikuja juu kwamba tunawafanyisha watoto kazi za bure, mkuu wa shule akamkaribisha akae siku nzima aone, nadhani alielewa maana hajarudi na lile neno. Kazi ya kweli ina faida moja, toroli likikatikia barabarani mwenyewe anarudi na maneno yake, kwa hiyo mtoto anajua mshono wake ulikuwa mbovu bila kusubiri mtihani. Na kwa kuwa ni binti nikutoe wasiwasi, mabinti wengi niliowasimamia mshono wao unatoka msafi kuliko wa wavulana, hawana papara.

Sasa afya. Mimi mwenyewe nikisikia kipindi cha afya nilikuwa najua ni kunawa mikono na kupiga mswaki, kumbe karakana ndio inakidai. Mtoto akiangalia moto wa kuchomelea bila kioo mchana haoni shida, usiku ndio macho yanamuwasha kama yamejaa mchanga, yanatoka machozi, nyumbani wanamkamulia maziwa au wanamwekea kiazi. Nesi wa zahanati alikuja akawaeleza ule mwanga unaunguza ngozi ya juu ya jicho kama jua linavyobabua mwili, mara nyingi linapona lenyewe siku moja mbili lakini usifikiche, usitie kitu, nenda hospitali wakakuangalie. Jingine ambalo hata sisi mafundi wa mtaani wengi hatulijui ni yale mabomba yenye zinki, ukichomelea sehemu imefungwa ukavuta ule moshi mweupe, jioni unapata homa na kutetemeka mwili wote unauma. Kwa huku kwetu mtu akitetemeka usiku jibu ni malaria basi, anapimwa hakuna kitu, anameza dawa tu, kesho kutwa anarudi kwenye moshi ule ule. Dawa ni kukwangua zinki kabla na kufanyia kazi nje penye upepo, maziwa tunayokunywa ni mazoea tu hayatoi moshi kifuani. Hapo hapo nesi akauliza nani kachomwa sindano ya pepopunda, wengi kimya.

Kichocho nacho kilizungumzwa, wavulana wakitoka mpirani wanaenda kuoga kwenye maji yaliyotulia yenye konokono, akikojoa damu anaficha anaona aibu. Binti yako mwambie pia, sio ugonjwa wa wavulana peke yao.

Kwenye michezo sikudanganyi, hapo bado pabovu. Ratiba inasema michezo ila mitihani ikikaribia kipindi kinaliwa na hesabu, na wanaofanya mazoezi ya maana ni timu ya UMISSETA tu, ile michezo ya shule za sekondari, wengine wako chini ya mwembe wanapiga stori. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anatakiwa walau wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, na mtoto wa uchomeleaji anachuchumaa muda mrefu, asipokuwa na mgongo na mapaja ya mazoezi atachoka mapema. Kilichosaidia kidogo ni magoli ya netiboli, watoto wamechomelea wenyewe, mita 3.05 kwenda juu kama inavyotakiwa, na madam wa michezo akaruhusu suruali ndefu na ushungi wa kubana, wasichana waliokuwa kila wiki wanaumwa tumbo siku ya michezo wakapona ghafla.

Kwa hiyo kabla hujaanza kuhangaika na uhamisho nenda siku ya kawaida, sio siku ya mahafali, ingia karakana angalia chini. Ukikuta vipisi vya vijiti, unga wa chuma na vioo vya kujikinga vimechoka kwa kutumika, muache mtoto hapo hapo. Ukikuta sakafu inang'aa na mashine bado zina nailoni, hapo hata mimi ningetafuta shule nyingine. Muulize na mwalimu mafundi gani wa mji wanakuja shuleni, akikutajia wawili watatu inatosha.

Na kama atabaki mnunulie viatu vya ngozi vya kufunika, hata vya mtumba pale sokoni, na ovaroli ya pamba sio ya nailoni maana nailoni ikipata cheche inayeyukia mwilini. Anayekuja na ndala mimi namrudisha mlangoni.