Saa yenye redio ya kando ya kitanda: igeuze kwanza usome stika

Mkuu umeuliza upate wapi saa yenye redio ya kuweka kando ya kitanda. Bajeti yako haizidi 30,000, uko Arusha, unaamka saa kumi alfajiri, na simu umeitoa chumbani kwa sababu ukiishika kuzima alamu unajikuta umeperuzi hadi kunakucha. Naona wadau karibu wote wanakwambia nunua mpya dukani, mtumba ni kubahatisha. Mimi nimeshanunua tatu, moja mpya na mbili za mtumba. Iliyobaki chumbani kwangu hadi leo ni ya mtumba, na ndiyo niliyoinunua kwa bei ya kawaida kabisa. Ila kabla ya kufika hapo niliunguza hela.

Mimi ni mama lishe hapa Moshi, supu na chapati karibu na stendi. Wateja wangu wa kwanza ni madereva na makonda. Dereva hakusubiri, akikuta sufuria haijachemka anahamia kwa mwenzako na kesho harudi. Kwa hiyo nikisema saa ilinichelewesha, ujue naongelea hela.

Ya kwanza ilikuwa mpya, 28,000, ipo ndani ya boksi lake. Namba za bluu. Dukani mchana inapendeza, usiku chumba kizima kinakuwa kama ukumbi wa harusi. Chandarua kinang'aa! Mume wangu akawa anaifunika na kanga, sasa saa iliyofunikwa kanga ya nini? Mwanga wa bluu ndio unaoongoza kwa kuuchelewesha mwili kutoa melatonini, ile homoni inayoleta usingizi. Mwekundu una nafuu kubwa. Ya kwangu haikuwa hata na kitufe cha kupunguza mwanga. Ukiona namba nyekundu au za kijani hafifu, hapo simama uangalie vizuri.

Ile ilinikomesha siku LUKU ilipoisha usiku wa manane tukiwa tumelala. Tulipoingiza umeme asubuhi nikaikuta inapepesa 12:00, 12:00, kama mtu aliyezimia akazinduka hajui yuko wapi. Chini ina kijumba cha betri ya mraba ya volti 9. Boksini hiyo betri haikuwemo, na mimi nikadhani ni ya hiari. Si ya hiari mkuu. Kwa umeme wetu, saa ya namna hiyo bila betri ni pambo.

Ya pili ndiyo nataka uisome vizuri maana ndipo watu wengi wanaumia. Nilikuwa Memorial, soko la mitumba hapa Moshi, natafuta mashuka, nikaona mangi mmoja ana meza ya vikorokoro vya umeme vya mtumba, pasi, blenda, na saa moja nzuri nyeusi yenye redio. Akataka 20,000, tukaishia 12,000. Plagi yake ilikuwa ya vijiti viwili bapa, akanipa na kiplagi cha kuchomekea, "hiyo ya bure, mama."

Bahati yangu nilipitia kwa fundi redio ninayemfahamu anitazamie kama ni nzima. Hakuichomeka hata kidogo. Aliigeuza, akasoma chini, akanirudishia mkononi.

"Dada, hii ya Marekani. Imeandikwa 120V. Ungeichomeka ukutani ungepata moshi kabla hujaweka saa."

"Sasa nifanyeje fundi?"

"Tafuta stepdauni."

Stepdauni, ile transfoma ya kushusha umeme, nikaipata kwa 25,000. Yaani mkia umemzidi ng'ombe. Lakini nilikuwa nimeshaipenda ile saa, nikajipa moyo.

Usiku ule nikairekebisha saa nne kamili kwa kufuatisha simu, nikategesha saa kumi. Ikalia. Nikaamka nimechangamka, nikanawa, natoka uani nakuta jirani ameshamaliza kufagia na pikipiki zinapita barabarani. Kucheki simu, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili! Nikasema labda umeme ulicheza. Usiku wa pili nikarudia vilevile, saa nne kwa saa nne. Ikalia tena saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. Hapo ndipo nilipoanza kuiogopa. Ingekuwa mbovu ingekosea ovyo ovyo. Hii ilikuwa inakosea kwa adabu.

Nikaibeba hadi kwa fundi. Akacheka, akaanza kugonga meza kwa kidole. Akasema saa za aina hii hazina mashine ya kuhesabu wakati ndani yake, zinahesabu mapigo ya umeme unaotoka ukutani. Marekani umeme unapiga mara 60 kwa sekunde, na saa imefundishwa kwamba mapigo 60 yakitimia, sekunde moja imepita. Huku kwetu unapiga mara 50. Kwa hiyo ikifika 50, sisi sekunde yetu imekwisha, yenyewe bado inasubiri kumi za ziada. Kila saa moja ya kweli yenyewe inahesabu dakika 50. Na stepdauni inashusha volti tu, mapigo haiyagusi. Hilo muuza stepdauni hakuniambia.

Piga hesabu uone. Toka saa nne hadi saa kumi ni saa sita. Kwa mwendo wake, saa sita hizo zilihitaji saa saba na dakika kumi na mbili za dunia nzima. Ndiyo maana ilikuwa inarudia kosa lilelile kwa dakika ileile.

Akaifungua. Katikati kuna aisii, ile chipu nyeusi, kubwa yenye miguu 28, juu imeandikwa LM8560. Akaniambia hiyo imo kwenye saa nyingi sana za bei rahisi, na mguu wake mmoja ndio unaoamua kama ihesabu 50 au 60. Akakwangua njia moja ya shaba, akachomelea kawaya kafupi kuliko kucha, akafunga. Sh 5,000. Toka siku ile ikawa inakwenda sawa kabisa. Lakini jumlisha: 12,000, na 25,000, na 5,000. Ni 42,000 kwa saa ya mtumba, na stepdauni inavuma usiku kucha kama mbung'o. Nikampa mdogo wangu.

Sasa ya tatu, hii niliyonayo. Mezani palepale Memorial, miezi kama minne baadaye. Safari hii sikuangalia sura, niligeuza kwanza. Stika inasema 230V na 50Hz, yaani volti 230 na mapigo 50 kwa sekunde. Plagi ni ya pini tatu nene kama zetu, maana yake imetoka Uingereza, umeme wao na wetu ni mmoja. Nikalipa 15,000. Ina ufa pembeni na kitufe cha sauti kimefutika maandishi. Mwaka wa tatu huu haijanikosesha supu.

Kwa hiyo mkuu kitu cha kwanza ni stika ya chini. 230V na 50Hz, chukua. 120V na 60Hz, iache hata kama anakupa kwa 5,000. Ukikuta ile inayotumia kichaji cha pembeni kilichoandikwa 100-240V, 50/60Hz, hiyo nayo haina shida, kwa kawaida wakati inauhesabu yenyewe kwa kristali kama saa ya mkononi, haitegemei mapigo ya ukutani.

Za Japani ziogope kwa sababu nyingine tena. Zina 100V, halafu redio zao za FM huanzia 76 na nyingi huishia 90. Kama umewahi kupanda gari lililotoka Japani juzi ukasikia redio inakoroma tu, tatizo ndilo hilo. FM yetu inakwenda hadi 108, utabaki na stesheni mbili tatu za chini. Na za Marekani zenye kutafuta stesheni kwa namba, nyingi zinaruka kwa hatua za kwao, 88.1 kisha 88.3, hivyo stesheni iliyokaa kwenye 88.2 huifikii vizuri. Ya sindano ya kuzungusha kwa mkono haina maringo hayo.

Kuna kituko kingine cha za Ulaya. Kaka yangu, yuko hukohuko kwenu, Jumapili moja ya mwisho wa mwezi wa tatu alifika kanisani ibada haijaanza, mlango umefungwa. Saa yake ilikuwa imejisogeza mbele saa moja yenyewe, kwa sababu wenzetu hubadilisha saa zao siku hiyo na yenyewe ilizaliwa na kalenda hiyo. Ikiwa na kitufe cha DST, ndicho cha huko kujisogeza, kizime siku unayoileta nyumbani.

Betri: nunua ya volti 9 siku hiyohiyo, usiseme mshahara ukitoka. Kisha fanya jaribio. Weka saa sawa, ichomoe ukutani dakika tano, ichomeke. Ikirudi na dakika zake tano, betri inafanya kazi. Ikipepesa, ama betri imekufa ama kijumba kina kutu. Usishtuke namba zikizimika wakati umeme haupo, nyingi hufanya hivyo kubana betri, ndani bado inahesabu. Ila ikiwa kwenye betri inahesabu kwa kukisia, umeme ukikaa nje usiku mzima utakuta imekimbia au imebaki nyuma dakika kadhaa. Mezani kwa muuzaji fungua hicho kijumba kabla ya kutaja bei. Ukiona ule unga wa kijani kwenye vyuma, rudisha. Ufa wa nje si kitu, huo ndio wa kuombea punguzo.

Redio yenyewe usitegemee makubwa, spika ni kama kisoda. Baba alikuwa na Philips ya zamani, enzi zile wanaziunganisha kiwandani hapo kwenu Arusha, hiyo ukifungulia hadi ng'ombe wanasikia. Hizi za kitandani ni za kusikiliza TBC Taifa taratibu usimwamshe mtoto. Kale kawaya kembamba kanakoning'inia nyuma ni antena, usikakate ukadhani ni uchafu, kavute ukapitishe kwenye pazia. Na taa za bei chee na vichaji vya simu vikikaa karibu vinaleta mkwaruzo.

Alamu weka mlio wa kengele, usiweke redio. Sindano ikisogea kidogo tu, alfajiri redio inakuamsha na shshshsh, na mimi nakuhakikishia mtu aliyechoka analala vizuri sana kwenye shshshsh.

Sasa kitone. Saa hizi nyingi zina kinukta kidogo pembeni kinachoonyesha ni kabla au baada ya saa sita mchana, na alamu nayo ina kitone chake. Ukikosea, inalia saa kumi jioni. Ilinitokea na wageni sebuleni, watu wakadhani ni moto.

Mama mkwe ndiye aliyenitatulia, na hakujua ametatua nini. Alikuja kutoka Uru, akaikuta saa inasoma 4:00, akaniuliza kwa nini nimeiacha na kosa wakati ni saa kumi. Nikaanza kumweleza habari za saa za kizungu, akanikata: "Mwanangu, nani humu ndani ni mzungu?" Nikakosa jibu. Nikaiweka kwa saa zetu. Sasa saa kumi inasoma 10:00. Na uzuri wake nikaugundua baadaye: kitone sasa kinabadilika saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, karibu kabisa na jua linapochomoza na kuzama. Kitone kikiwaka ni mchana, kikizima ni usiku. Sijakosea alamu tena hata siku moja. Kwa wenye nchi yao ya baridi hiyo isingefanya kazi, kwetu huku mchana na usiku ni karibu nusu kwa nusu mwaka mzima.

Halafu iweke mbali kidogo, juu ya kabati, isiwe mkono unapofika. Lile kitufe kubwa la juu ni la kuinyamazisha, nyingi hunyamaza dakika tisa kisha zinalia upya, na mtu wa saa kumi alfajiri anaweza kulibonyeza mara sita bila kufumbua jicho.

Kama redio huihitaji kabisa, chukua tu kisaa cha mezani cha kengele cha betri moja, nimekiona kwa 6,000, hakijui LUKU wala mapigo ya umeme. Lakini kama unataka na redio, zunguka meza za mtumba hapo sokoni Kilombero kwa siku zako mbili tatu, hujapata panda Coaster uje Moshi. Ukimkuta yule mangi wa Memorial akikuanzia 20,000, usipande zaidi ya 15,000, na kiplagi chake cha bure mwachie.

Hii yangu hapa inasoma 3:40 na kitone kimezima. Unga bado sijaukanda.