Kabla ya jina la muundo, hesabu majirani

Nilipokuwa mwanafunzi nilikariri majina ya miundo ya fuwele, yaani vitu vigumu ambavyo atomu zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, usiku kucha. Nikiulizwa kwa nini oksidi ya metali, yaani metali iliyoungana na oksijeni, hubadili muundo ikikandamizwa sana, nilijibu tu kwamba atomu zinasogeleana. Nilikosa alama. Leo nafundisha kemia hapa Lindi, na jibu lilelile nalikuta kwenye madaftari kila mwaka. Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu: jina liache kwanza, hesabu majirani, yaani atomu zinazoigusa atomu moja pande zote.

Tuchukue oksidi ya zinki, ule unga mweupe unaotiwa kwenye mafuta ya kujikinga na jua. Kwa kawaida kila zinki imezungukwa na oksijeni nne. Mgandamizo ukifika kama gigapaskali 9, yaani takribani mara 90,000 ya kanieneo ya hewa tunayovuta, majirani wanakuwa sita, na mpangilio unakuwa kama wa chumvi ya kula. Pita kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu, okota punje moja nene, iweke juu ya kucha na uimulike: utaona pande bapa na kona za mraba. Umbo hilo linatokana na mpangilio huo wa sita sita.

Sasa jambo lililonisumbua miaka mingi. Oksidi hiyo ikibadilika, ujazo wake unapungua kwa karibu asilimia 17, lakini zinki na oksijeni zinaachana kidogo, kutoka nanomita 0.20 hivi hadi karibu 0.21. Kitu kinabanwa, halafu majirani wanasogea mbali! Nilielewa siku nilipochukua ndimu, vijiti vya meno na donge la udongo lenye ukubwa wa gololi. Donge ndilo zinki, ndimu ndizo oksijeni. Chomeka ndimu nne kulizunguka donge: kati ya ndimu na ndimu panabaki mianya ambayo kidole kinapita. Chomeka sita: mianya inakwisha, ndimu zinagusana. Oksijeni sita zikibanana hivyo zinasukumana, kila moja inarudi nyuma kidogo, lakini nafasi iliyokuwa wazi imeshajazwa. Tafadhali lifanye zoezi hili kwa mikono yako, kulisoma hakutoshi.

Mgandamizo ukiondolewa, oksidi ya zinki kwa kawaida hurudia majirani wanne. Kwa hiyo watafiti huichunguza ikiwa bado imebanwa kati ya ncha mbili za almasi, wakipitisha eksirei humo humo. Pembeni huweka punje ya rubi, nayo ni oksidi ya alumini yenye kromiamu kidogo. Rangi ya mwanga wake mwekundu huhama kadiri mgandamizo unavyopanda, na hicho ndicho kipimo chao.

Ukikutana na oksidi ya magnesiamu kwenye mtihani, anza vilevile kwa kuhesabu. Hii ina majirani sita tangu mwanzo, na inabaki na muundo huohuo wa chumvi hata kilomita 2,900 chini ya miguu yetu, pale kiini cha Dunia kinapoanza.