Jibu: VPN pekee haitoshi

Ndugu, umeuliza kama kuwawekea wafanyakazi VPN (njia iliyosimbwa kati ya laptopu na mtandao wa ofisi) kunatosha kwa usalama, kwa kuwa wengi wanatumia Wi-Fi za hadharani. Hapana. VPN inalinda data zikiwa njiani tu. Laptopu ikiwa tayari ina virusi, njia hiyohiyo inaweza kuvifikisha hadi kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi.

Tuanze na seva. Kumbuka WannaCry, kirusi cha Mei 2017 kilichofunga mafaili na kudai fidia: Microsoft walishatoa kiraka (sasisho la kuziba tundu) tangu Machi mwaka huohuo, lakini mashine nyingi hazikuwa zimesasishwa, na kirusi kikapenya kupitia poti 445, mlango wa kushirikishana mafaili kwenye mtandao. Poti hiyo, pamoja na 3389 (ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali), zisionekane kabisa kutoka intaneti. Nakala rudufu moja angalau ikae nje ya mtandao, na ujaribu kuirejesha kwa vitendo. Nimeshuhudia nakala za miezi mingi zikigoma kufunguka siku zilipohitajika, na iliniuma sana.

Kwenye laptopu, mtumiaji asiwe na haki za msimamizi (za kusakinisha programu na kubadili mipangilio ya mfumo), na diski isimbwe ili isisomeke bila nenosiri au ufunguo.

Sasa Wi-Fi. Hapa wengi wanadanganywa na jina: mtu yeyote anaweza kurusha mtandao wa wazi wenye jina lilelile la hoteli au uwanja wa ndege, na laptopu iliyowahi kuunganishwa pale ikajiunga yenyewe. Zima kujiunga kiotomatiki, futa mitandao ya zamani. Kivinjari kikionya kuhusu cheti (kithibitisho kwamba tovuti ndiyo yenyewe), mfanyakazi asibonyeze "endelea" hata akiwa na haraka.

Na uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri pamoja na hatua ya pili, kama msimbo wa simu), tafadhali, uwashe leo hii, kabla ya hayo mengine yote.