Unguja: tazama upepo na mwezi kabla hujalipa chumba

Ndugu yangu, umeuliza umlete mama Unguja mwezi gani, na waliotangulia wamekujibu kwa mvua tu: epuka Aprili na Mei. Ni kweli, masika yakikolea njia za shamba hujaa maji na baadhi ya hoteli hufunga. Ila mimi nimeolewa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mwaka wa kumi na mbili huu, na kilichoniumiza hakikuwa mvua.

Mara ya kwanza nilimleta mama kutoka Morogoro mwezi wa Julai. Jua safi, nikaona nimepatia. Kumbe kusi, ule upepo wa kutoka kusini, imechachamaa, akatapika njia nzima kwenye boti. Kesho yake saa nne asubuhi nikamshika mkono tukashuka pwani, kanga yake ya kuogea begani. Akasimama. Maji yamebaki mstari mweupe kule mwambani; huku kote ni mchanga mtupu, vigingi vya mwani na wanawake wameinama wanavuna. Akaniuliza, "Mwanangu, bahari yenyewe iko wapi?" Roho iliniuma sana.

Lilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huku hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, kisha kila siku yanachelewa kama dakika 50. Siku hizo mama apumzike asubuhi, aoge alasiri. Wiki moja baadaye huja maji mafu: asubuhi yamejaa, na hata yakipwa hayaendi mbali. Kwa mtu mzima anayeumwa magoti hizo ndizo siku zake, hatatembea juu ya mawe kuyafuata maji.

Mwezi wenyewe? Septemba. Kusi imelegea, joto halijapanda, vuli bado. Mama aliporudi Septemba alikaa majini mpaka adhana ya magharibi. Januari nayo ni nzuri, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inavuma na anga ni kavu, lakini bei ziko juu. Februari joto ni kali mno kwa mwenye presha. Ikiangukia Ramadhani, uliza mapema habari ya chakula cha mchana, maana mikahawa mingi ya mjini hufungwa.

Kama likizo yako haikupi nafasi ya kuchagua siku, nendeni Kendwa, kaskazini mwa kisiwa. Huko maji hayakimbii hivi. La sivyo nitumie tarehe, nikuhesabie mwezi wa angani.