Usiwalaumu wenzako wa Pasua

Kaka, unasema uliwawekea wenzako hapo Pasua, Moshi, filamu ya Napoleon Dynamite, hakuna aliyecheka, na unauliza kama ujaribu tena. Jaribu, ila si kibanda umiza. Pale mtu amelipa kiingilio, anataka ngumi na kufukuzana. Ukimya mrefu unamchosha.

Filamu hii ya Jared Hess, ya mwaka 2004, utamu wake uko kwenye vitu vidogo. Mtazame Jon Heder, anayeigiza Napoleon mwenyewe, anavyotia viazi vya kukaanga kwenye mfuko wa suruali, kisha anavila darasani kimyakimya, uso mkavu kabisa. Mimi hapo huwa hoi! Imerekodiwa Preston, Idaho, huko Marekani, mji mdogo wa wakulima, na vijana wa hivyo hata Moshi tunao: shule, mifugo ya nyumbani, jioni hakuna pa kwenda.

Waite wawili watatu tu, sebuleni kwako, simu pembeni. Usiwatafsirie kila neno, utaua ladha. Na asinyanyuke mtu kabla ya ile dansi ya jukwaani anayocheza Napoleon kumwokoa rafiki yake Pedro kwenye uchaguzi wa shule.