Kusoma unaweza, kusikia huwezi

Umeuliza kwa nini Kifaransa unakisoma bila shida lakini mtu akifungua mdomo unaachwa njiani. Ni kwa sababu maneno umeyajifunza kwa macho. "Parle", "parles" na "parlent", maumbo ya kitenzi cha "kusema", kwenye karatasi ni matatu. Sikioni ni moja tu, "parl". Halafu maneno hushikana: "les amis" (marafiki) husikika "lezami", nawe unabaki kutafuta neno "zami" ambalo halipo.

Dawa ni imla, ile ile ya darasani. Chukua rekodi ya sekunde 30 yenye maandishi yake. Sikiliza mara 3 bila kuyatazama, andika ulichosikia, kisha linganisha. Ulipokosea ndipo pa kurudia, ukisema pamoja na msemaji mpaka ulimi uende naye. Dakika 15 kila siku zinashinda saa 2 za Jumapili.

Filamu ziache kwanza: kelele nyingi, maneno mengi ya mitaani, na ukiweka maandishi ya chini utaishia kusoma tu, jambo ambalo tayari unaliweza. Kwa imla hiyo matamshi yako nayo yatanyooka, maana herufi zisizotamkwa utaacha kuzitamka.