Mwambie Kwanza Habari za Panya

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu ana miaka sita na dunia yake yote ni mpira. Nimenunua tiketi tatu za The Nutcracker, itakayochezwa Kenya National Theatre mwezi wa Desemba, kwani tangu utotoni natamani kuiona baleti. Nilipomwonyesha video ya wasichana wakicheza kwa ncha za vidole, aliziba macho akasema hiyo ni ya wasichana, haendi ng'o. Baba yake anacheka tu, ati nimwache. Je, nimlazimishe?
Mama Juma, South B, Nairobi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimlazimishe, lakini tiketi usizirudishe.

Ulimwonyesha vidole na magauni kwa sababu ndivyo unavyovipenda wewe. Mtoto wa miaka sita anataka kujua nani anapigana na nani, na humo vita vimo! Hoffmann, Mjerumani aliyeitunga hadithi yenyewe mwaka 1816, alimpa Mfalme wa Panya vichwa saba. Hapo ndipo pa kuanzia.

Nayasema haya kwa kuwa nilikosea mwenyewe. Mjukuu wangu alipokuwa na miaka mitano nilimpeleka kuiona baleti hii hii; nilimvika shati lililofungwa hadi shingoni, na njia nzima nikawa namwonya: usiseme, usicheze, usiulize. Taa zilipozimwa alinikumbatia akalia, tukatoka hata panya mmoja hatujamwona.

Mwaka uliofuata nilimsimulia kila usiku, juma zima. Paukwa! Pakawa! Palikuwa na msichana, Clara, aliyepewa askari wa mbao mwenye taya za kuvunjia kokwa. Mimi ni mtu wa Kilifi, nimekulia kwenye moshi wa korosho, basi askari nikampa jina Mbanja Korosho. Usiku wa manane mti wa Krismasi unarefuka, panya wanatoka, na Mfalme wao yu karibu kummaliza Mbanja Korosho. Clara anavua kiatu, anamtupia.

"Kandambili, bibi?"

Nikamwambia twende tukaone. Siku ilipofika alikaa ukingoni mwa kiti akiingoja kandambili yake. Kiatu kiliporuka alisimama akaitaja kandambili kwa sauti, watu wa mbele wakageuka. Sikumkalisha.

Mwambie mapema pia kwamba jukwaani hakuna atakayesema neno. Watoto huyasubiri maneno, na yasipokuja hudhani kuna kitu kimewapita. Chezeni nyumbani: mwonyeshe umekasirika, umeogopa, una njaa, yote kwa mikono na mabega tu, naye abahatishe. Kisha mpigie muziki kidogo, ule wa Malkia wa Peremende, wenye sauti kama vikengele vya kioo. Chombo hicho huitwa selesta. Tchaikovsky, Mrusi aliyetunga muziki huo, alikisikia Paris, akataka kipelekwe Urusi kwa siri ili watunzi wenzake wasimtangulie kukitumia. Baleti ikachezwa mara ya kwanza St. Petersburg, Desemba 1892. Mwaka si muhimu kwa Juma, ila hiyo siri ataipenda.

Chagueni viti vya kando ya njia, na ale ashibe kabla ya kuingia. Vita viko sehemu ya kwanza, ambayo huishia kwenye theluji, ndipo watu wakapumzika. Sehemu ya pili ni ngoma juu ya ngoma, hadithi karibu imekwisha. Akichoka, ondokeni bila ugomvi. Akiwa bado macho makavu, mpe kazi ya kuhesabu miruko katika ngoma ya Warusi. Mchezaji mpira anajua ugumu wa kuruka na kutua vizuri.

Hilo la wasichana, mwachie baba yake. Amweleze habari za Joel Kioko, kijana aliyekulia mtaa wa mabanda wa Kuwinda, hapo hapo Nairobi, akacheza baleti hadi akaenda kuisomea London. Kicheko cha baba ndicho kinachomfunga mtoto, na maneno yangu hayatamfungua kama baba hajaanza.

Tiketi ya tatu ni yake, basi. Nanyi mkirudi, niandikie Juma amehesabu miruko mingapi.